Muhuri na Mabegi ya Shule

Mdogo wangu alifagia shule za serikali katika jimbo moja la Marekani kwa miaka mingi kabla hajapata wazo la kuziuzia mabegi. Watoto wa kule wasiojiweza hupewa begi na vifaa vyake kila masomo yanapoanza, na yeye, akiwa na ufagio mkononi, aliona jinsi mabegi hayo yanavyochanika mapema na penseli zinavyosambaa chini ya madawati. Akafungua kampuni ya mtu mmoja. Akajifunza kuandika zabuni kwa tabu, kila sentensi akiirudia mpaka ikae sawa. Na kila Jumamosi asubuhi ya Guangzhou, China, ninakoishi, ambayo kwake ni Ijumaa jioni, alinipigia simu, tukazungumza habari za mabegi mpaka chai yangu ikapoa.

Sisi wawili hatukuwa watu wa kuambiana tunapendana. Kwetu Temeke hakuna aliyetufundisha hivyo. Yeye aliondoka nyumbani akiwa kijana mbichi, mimi nikaja China, mama akafariki katikati hapo, na kwa muda mrefu simu zetu zilikuwa za salamu na za misiba tu. Mabegi ndiyo yaliyoturudishia maneno. Alikuwa akiniuliza kama kitambaa fulani kinashika maji, kama mkanda utahimili uzito wa vitabu, nami namjibu, na ndani ya majibu hayo nilitia kila kitu ambacho sikujua kukisema kwa njia nyingine.

Zipu tuliibishania kuliko kitu chochote. Zipu huuzwa kwa namba, na namba ikipanda meno yanakuwa manene na bei nayo inapanda. Yeye alitaka namba tano ili zabuni yake iwe nafuu. Mimi nilikataa katakata, nikasema namba nane au asinihesabu. Nilikuwa na sababu yangu. Alipokuwa darasa la tatu zipu ya begi lake ilifumuka njiani siku ya mvua, madaftari yote yakaingia kwenye tope, nami nikalifunga begi lile kwa kipande cha kanga ya mama. Alikwenda nalo shuleni hivyo hivyo mwaka mzima na wenzake wakamcheka. Sikuwahi kumkumbusha jambo hilo kwenye simu, lakini siku moja, baada ya ubishi mrefu, alisema, "Haya dada, nane." Nikajua naye anaikumbuka ile kanga.

Kampuni yetu ya Guangzhou ilikuwa ya watu watatu. Mimi, mwenzangu ambaye ni mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, na mdogo wangu, niliyemtia kwenye karatasi tangu mwanzo kwa sababu alichangia mtaji na kwa sababu nilitaka awemo. Kazi yetu ni kuwanunulia watu wa nyumbani na kuwasafirishia. Vifaa vya shule na vitu vya kuchezea watoto tunachukua mtaa wa Yide Lu, viatu na nguo soko la Zhanxi, tunakusanya ghalani, tunapakia, kontena linateremka bandari ya Nansha. Wakati tunafungua kampuni viza yangu ilikuwa inayumba, kwa hiyo mwenzangu ndiye aliyeandikwa mwakilishi wa kisheria, na muhuri ukawa wake.

Mtu asiyeishi China huuona muhuri kama pambo. Hapa saini yako, hata uirembe vipi, ni michoro tu. Kinachosikilizwa ni ile duara nyekundu yenye nyota katikati na jina la kampuni kuizunguka. Ukiigonga kwenye karatasi, kampuni imesema, na haijalishi nani aliyeshika mpini. Mwenzangu aliutunza muhuri wetu ndani ya kibweta cha miwani ya marehemu mumewe, na kibweta hicho hakikutoka kwenye mkoba wake hata akienda kanisani.

Wageni wengi mtaani kwetu hawana kampuni, na pasipo muhuri hawapati kitu. Mwenye ghala anataka barua, mwenye nyumba anataka barua, mzigo hautoki mahali kwenda mahali bila barua. Basi wanakuja kwa mwenye muhuri, wanaomba, wanagongewa. Ni desturi yetu, kama jirani wa nyumbani anavyokuja kuomba moto. Mwenzangu hakuwahi kumkatalia mtu. Nilimgombeza mara nyingi, nikimwambia jina la kampuni si chumvi ya kumpa kila anayebisha hodi. Alinisikiliza kwa heshima zote, na kesho yake nikamkuta anamgongea mwingine.

Vita vya Gaza vilipokuwa kwenye simu zetu asubuhi na jioni, jumuiya yetu ya wafanyabiashara wa Afrika Mashariki iliamua kutoa tamko. Nasema jumuiya, lakini haina ofisi wala usajili. Ni watu wanaokutana kwenye mkahawa mmoja baada ya sala ya Ijumaa, wana mwenyekiti wao, mzee wa Kizanzibari anayeuza vipuri, na wana kikundi cha simu chenye kelele nyingi. Walikubaliana kwamba hawatanunua wala kusafirisha bidhaa za kampuni za Israeli mpaka vita vikome.

Ukweli ni kwamba hatukuwa na kikubwa cha kususia. Mmoja wetu alikuwa anapeleka Morogoro mipira ya kumwagilia mashamba kwa matone, iliyotengenezwa kwa utaalamu wa Israeli, akaahidi kuibadilisha. Tende tulizokuwa tunanunua kwa ajili ya Ramadhani, watu walianza kugeuza boksi kutazama zimetoka wapi. Ndiyo hayo tu. Mtu wa nje angetucheka. Lakini mtu anayeishi kwa kununua anajua jambo moja ambalo wengine hawalijui, kwamba nguvu yake yote iko miguuni. Neno la kwanza la Kichina tulilojifunza Zhanxi lilikuwa la kukataa, *bu yao*, sitaki. Unalisema, unageuka, unaondoka, na kabla hujafika kwenye ngazi mwenye duka anakuita kwa bei nyingine. Anaweza kukuzidi pesa, lugha na ujanja, lakini hawezi kukulazimisha ununue. Sisi hatuna kura mahali popote tunapoishi. Tuna hiyo tu.

Walipoandika tamko lao wakalichapisha, wakaliona limepooza. Karatasi nyeupe, maneno meusi, jina la jumuiya ambayo hakuna anayeijua. Mwenyekiti akasema hapa ni China, karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Na kwa kuwa jumuiya haina muhuri, akafanya kama mtu yeyote wa mtaa wetu angefanya. Alikuja ofisini kwetu kuomba.

Mimi siku hiyo nilikuwa Nansha, kontena langu limezuiliwa getini, nabishana na watu wa bandari juani. Mwenzangu alikuwa peke yake. Alifungua kibweta cha miwani, akapuliza muhuri, akagonga. Jioni nilipokuwa kwenye basi narudi mjini niliiona picha ya tamko kwenye simu, imeshapita kwa watu wa Dar, Mombasa na Dubai, na chini yake, jekundu kama jeraha, jina la kampuni yetu.

Niseme kweli nilivyojisikia. Nilikasirika kwamba sikuulizwa. Na chini ya hasira ile nilifurahi, maana nami nilikuwa nageuza maboksi ya tende. Nilipofika ofisini nilimuuliza mwenzangu kama alisoma alichokigongea. Alisema mwenyekiti alimsomea. Nikamuuliza kwa nini yeye, Mkristo wa kwaya, mtu ambaye kanisani kwake wanaiombea Israeli kila Jumapili, amegonga.

"Yaya," aliniambia, kwani kwao dada mkubwa huitwa hivyo, "ile siku bwana yangu alikufwa, ni bale balikuya. Balibeba sanduku, balichanga, balilia. Leo banaomba muhuri, miye niseme *non*?"

Mumewe alifia hospitali ya hapa mjini, na kusafirisha maiti kutoka China ni mlima. Watu wa lile kundi la Ijumaa, wengi wao Waislamu wasiojua hata wimbo mmoja wa kanisani, ndio waliochanga, wakazunguka na karatasi kutoka ofisi hadi ofisi, wakasimama nyuma ya jeneza wakati kwaya inaimba. Nilikuwepo. Kwa hiyo jambo la muhuri nikaliacha, nikafikiri limepita.

Zabuni ya mdogo wangu ilikubaliwa mwaka uliofuata. Alinipigia siku isiyokuwa Jumamosi, nikashtuka nikidhani kuna msiba. Sauti yake ilikuwa imepanda kama ya mtoto. Alisema wamemchagua, wamepitisha sampuli, mmoja wa wakaguzi alivuta zipu mbele yake mara kadhaa kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shule zile zile, alisema. Atakuwa anaingia kwa mlango wa mbele. Nilikwenda Huadu siku ile ile, kwenye kiwanda kinachotushonea, nikamwambia laoban, yaani mwenye kiwanda, aweke vitambaa vyetu kando asimpe mtu.

Wiki chache baadaye ikaja simu ya Jumamosi, na safari hii hakuuliza habari za kitambaa. Alisema kabla ya kutia saini mkataba kuna kiapo cha kujaza, na hajui afanyeje. Jimbo lao lina sheria. Anayetaka kufanya biashara na serikali lazima athibitishe kwa maandishi kwamba kampuni yake haiisusii Israeli na haitaisusia muda wote wa mkataba. Na sheria haikuishia kwa kampuni yake. Ilihesabu pia kampuni zote zenye uhusiano nayo wa umiliki. Yeye alikuwa na hisa Guangzhou. Na Guangzhou ilikuwa imegonga muhuri.

Mara ya kwanza nilicheka, na kicheko changu hakikuwa kizuri. Nilimuuliza penseli za watoto zinahusiana nini na nani ananunua tende za nani. Alisema hata yeye hajui. Alimuuliza yule mama wa ofisi ya manunuzi, mtu mpole, akamjibu kwamba yeye hakutunga sheria, kwamba nyumbani kwake kila mtu ana maoni yake, na kwamba haruhusiwi kumpa ushauri wa kisheria. Nikamwambia basi jaza, nani atakuja Guangzhou kusoma muhuri wa Kichina.

"Dada, mimi siwezi kuapa uongo," alisema. "Huku nilikoomba ukaazi, maisha yangu yote yako kwenye viapo. Wakikuta kimoja kina doa wanavifungua vyote. Niambie tu, tamko lile ni la kweli au si la kweli?"

Nilimwambia nitalishughulikia, kwa ile sauti ya dada mkubwa inayomaanisha sijui la kufanya. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimkasirikia mwenyekiti na karatasi yake, nikamkasirikia mwenzangu na kibweta chake, nikalikasirikia jimbo ambalo sijawahi kulitia mguu lakini linataka kujua mimi nasimama mbele ya duka gani na naliacha duka gani. Serikali ya kule inanunua begi. Mimi nauza begi. Nilidhani mambo yanaishia hapo, kama yanavyoishia Yide Lu, ambako hakuna mwenye duka aliyewahi kuniuliza naamini nini kabla ya kunipa bei.

Njia iliyoonekana rahisi ilikuwa kuandika barua nyingine. Kampuni iseme haisusii mtu, muhuri ugongwe, mambo yaishe. Mwenyekiti nilipomweleza, hakunikatalia. Alikuna ndevu zake, akasema tuandike tunachotaka, kazi ya mtoto ni kazi ya wote, Mungu anajua nia. Huruma yake ilinichoma kuliko angenigombeza. Nikarudi ofisini, nikamweleza mwenzangu yote kuanzia mwanzo, nikamwambia sheria ya namna hii ni dhuluma, kwamba mtu ananyimwa kazi kwa sababu ya kile alichokataa kununua.

Alikuwa anafunga maboksi. Aliacha, akakaa juu ya moja.

"Kwetu Congo, ku *est*, batu banakufwa miaka yote juu ya madini ya simu," alisema, "na hizi *téléphones* tunazipakia mu kontena kila *semaine*. Nani alishaacha kununua juu yetu? *Personne*, hakuna mutu. Sasa niulize, yaya. Kama serikali moja ya kule ingesema, kampuni yenye kusaidia bale banatuua haipate kazi ya serikali, ungesema ile sheria ni mubaya?"

Nilifikiri kwanza, maana alinitazama usoni. Nikamwambia hapana. Ningefurahi.

"*Alors*, usililie sheria. Lilia ndugu yako."

Tangu siku hiyo nimejaribu kupata kosa katika maneno yale, sijafanikiwa sawasawa. Bado naamini kwamba mtu kuacha kununua ni haki yake, na kwamba serikali inayomtaka aape hataacha kununua imeingiza mkono mfukoni mwake. Lakini alinionyesha kwamba nilikuwa nalia kwa sababu sheria imenielekea mimi. Ingemwelekea mwingine ningeisoma kwenye simu, ningetingisha kichwa, ningeendelea kunywa chai.

Nilikaa kuandika ile barua ya kukanusha. Niliandika jina la kampuni, tarehe, salamu. Nikaandika kwamba kampuni yetu haisusii. Nikasimama hapo. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na siku ile ile asubuhi, kwenye duka la Mwarabu mmoja karibu na mkahawa wetu, nilikuwa nimegeuza boksi la tende, nikasoma, nikalirudisha kwenye rafu. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kuandika chochote. Lakini mdogo wangu angeapa juu ya neno langu, mbele ya watu wanaoweza kumwondoa nchini, na neno hilo lingekuwa la uongo. Nikaichana.

Jumamosi ilipofika nilimwambia ukweli wote: kwamba tamko ni la kweli, kwamba aliyeligonga alilipa fadhila ya maiti ya mumewe, kwamba mimi mwenyewe ningeligonga, na kwamba siwezi kulifuta moyoni ili nilifute kwenye karatasi. Nilitegemea atanilaumu. Ningemwelewa. Alikuwa amefagia sakafu zile mpaka mgongo ukamharibikia. Nilisikia tu mashine ya kufulia ikizunguka nyumbani kwake.

"Sikuambii uandike uongo, dada," alisema mwishowe. "Mwanasheria amenionyesha njia nyingine. Nimekuwa naogopa kukwambia."

Njia yenyewe ilikuwa yeye atoke. Ajiondoe kwenye kampuni ya Guangzhou kabisa, hisa zake zirudi kwetu, na kampuni itoe barua kwamba hana uhusiano nayo. Hapo angeweza kuapa bila uongo, kwa kuwa kampuni inayosusia haingekuwa yake. Na mabegi asinunue kwetu. Sheria haikumkataza hilo waziwazi, lakini mwanasheria alisema wakaguzi wakija, dada ni dada, na ni afadhali wasikute hata karatasi moja yenye majina yote mawili. Kazi za mabegi tusizizungumze tena. Anunue moja kwa moja kiwandani Huadu.

Nilimwambia ni jambo zuri. Nilisema hivyo kwa haraka sana, nikamsikia anashusha pumzi. Nikamwambia nitampa namba ya laoban, nitampa vipimo vyote, kisha nitakaa pembeni. Niliongea kama mtu anayemuuzia mwenzake kiti. Baada ya kukata simu nilifunga mlango wa ofisi, nikalia mpaka kwikwi, na sioni aibu kuliandika.

Barua ilikuja kwa Kiingereza, imeandikwa na mwanasheria, na tafsiri yake ya Kichina chini. Siku ya kuigonga mdogo wangu alikuwepo kwenye simu kwa picha, tumemwegemeza kwenye kikombe mezani, amevaa shati la kola kana kwamba anakwenda posa. Mwenzangu hasomi Kiingereza, na hajawahi kugonga kitu kabla hajasomewa, kwa hiyo akaniomba nimsomee. Nikasoma polepole. Kwamba fulani hana hisa katika kampuni hii. Kwamba hana cheo wala mamlaka. Kwamba hana uhusiano wowote na kampuni hii wala na wamiliki wake.

Alinisimamisha hapo. "Wowote? Hata bundugu?"

Nilimtazama mdogo wangu kwenye simu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema alimuuliza mwanasheria kama neno hilo linaweza kupunguzwa, liwe uhusiano wa kibiashara tu, akaambiwa kwamba linaweza, lakini barua yenye neno moja la ziada huzaa maswali, na maswali huchelewesha mkataba. Mabegi lazima yashonwe na yafike kabla shule hazijafunguliwa. Alisema kama nataka lipunguzwe atampigia tena.

Nilisema liache.

Mwenzangu alifungua kibweta cha miwani. Aliutoa muhuri, akaupuliza kama kawaida yake, akaubonyeza kwenye wino. Kisha akaugeuza, akanipa mpini.

"Gonga weye, yaya. Miye siwezi kutosha inje mutoto wa mama yako."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuushika. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Niligonga palipoandikwa tugonge, nikashikilia kidogo ili wino ukolee, maana muhuri ukififia wanakataa karatasi. Mdogo wangu alisema asante. Mwenzangu alitoka nje, akasema anakwenda kununua maji, na kulikuwa na katoni nzima ya maji nyuma ya mlango.

Mkataba aliupata. Laoban wa Huadu alishona mabegi yote. Hakuna aliyemuuliza yeye anasusia nini, na angeulizwa angesema anachosusia ni wateja wasiolipa. Kontena lilipita Nansha kama mengine. Nilikuwa na mzigo wangu siku zile zile, na nilipokuwa nimesimama getini nilijikuta nasoma namba za makontena yanayopita, ingawa sikujua lake ni lipi na sikutakiwa kujua.

Jumamosi bado ananipigia. Hakuacha hata moja. Ananiuliza hali ya hewa, namwambia ni joto na unyevu, nguo hazikauki. Namuuliza mgongo, anasema nafuu. Tunataja jamaa wa Temeke, nani kaoa, nani anaumwa, kisha tunafika mahali ambapo zamani tungeanza habari za mikanda na bitana, na hapo tunasimama wote wawili. Nasikia mashine yake ya kufulia. Chai yangu siku hizi haipoi. Nimejaribu kumwambia maneno ambayo dada wengine huwaambia wadogo zao, yananishinda, kwa kuwa sina mazoea nayo, na yale niliyokuwa na mazoea nayo tumeapa kuyaacha.

Jumamosi iliyopita tulipofika hapo hata mashine haikusikika. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ya yule mtoto wa darasa la tatu, "Dada, zile zipu. Tulisema namba ngapi vile?"

Zipu ameziona kwa macho yake, mabegi yako mgongoni mwa watoto wa watu. Hakuwa na haja ya jibu. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu anabisha hodi, naye ameapa mbele ya serikali yake kwamba mlango huo haujui.

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nikamwambia sikumbuki, amuulize mwenye kiwanda. Akasema haya dada, atamuuliza.